Baba ametumiwa niasini kutoka Marekani: aiongeze juu ya atorvastatini au aiache?

Binti wa Chumbageni (Tanga)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wanaolifahamu jambo hili, hasa wafamasia na madaktari, kwa sababu nyumbani tumegawanyika na anayevutwa huku na huku ni mzee wetu.

Baba ana umri wa miaka 58. Ana kisukari cha aina ya pili anachokidhibiti kwa metformini, na shinikizo la damu ambalo limetulia kwa amlodipini. Mwezi uliopita alipima mafuta ya damu kwa mara ya kwanza, akiwa hajala tangu usiku, na majibu yalikuja hivi: lehemu yote (kolesteroli) 6.4, LDL (ile inayoitwa lehemu mbaya) 4.1, HDL (lehemu nzuri) 0.9 na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 3.2, zote kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Daktari wa kliniki ya kisukari alimwandikia atorvastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku, akamtaka arudi kupima tena baada ya miezi miwili.

Kabla hajaanza dawa hiyo, kaka yangu mkubwa anayeishi Marekani alimtumia makopo mawili ya niasini kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja Dar es Salaam. Kopo la kwanza limeandikwa kwamba ni niasini ya miligramu 500 isiyoleta wekundu wa ngozi, na la pili ni niasini ya miligramu 500 inayotolewa polepole mwilini. Kaka anasema hii ni vitamini B3 tu, haina ubaya, na kwamba ni kitu kimoja kinachofanya kazi tatu kwa pamoja, yaani kushusha LDL, kushusha trigliseridi na kupandisha HDL, ilhali statini, yaani kundi la dawa ambamo atorvastatini imo, hushughulikia LDL peke yake. Jirani naye amemwambia baba kwamba statini hula misuli, na kwamba mtu akishaianza hawezi tena kuiacha. Matokeo yake vidonge vya hospitali vimekaa kabatini na baba anasubiri tumwambie la kufanya.

Maswali yangu ni haya: je, niasini inaweza kuchukua nafasi ya atorvastatini? Kama haiwezi, je, kuna faida kuzitumia zote mbili? Na hizo trigliseridi zinahitaji dawa yake peke yake? Niongeze kwamba miaka ya nyuma baba aliwahi kuvimba kidole gumba cha mguu kwa maumivu makali ya usiku, akaambiwa ni jongo. Sina hakika kama hilo linahusika, ila nimeona nilitaje.

Mfamasia wa Moshi

Dada, pole kwa mvutano huo, na ahsante kwa kuandika majibu ya mzee kwa ukamilifu. Naanza na hilo ulilolitaja mwishoni, kwa sababu linahusika sana. Mtu mwenye kisukari ambaye pia amewahi kupata jongo ni miongoni mwa watu wa mwisho ambao wangepewa niasini kwa dozi ya kushusha mafuta. Niasini katika dozi hiyo hupandisha sukari ya damu, na pia huzuia figo kutoa asidi ya yuriki ipasavyo, na asidi hiyo ikizidi ndiyo hujikusanya kwenye viungo na kuleta jongo. Kwa hiyo vidonge hivyo visianzwe hata kwa kuonja tu, mpaka daktari wake avione.

Kaka yako hakukosea kuhusu namba. Mwaka 1955 Rudolf Altschul, Abram Hoffer na mwenzao, wakiwa Saskatchewan nchini Kanada, waliripoti kwamba asidi ya nikotini, yaani hiyo niasini, ikitolewa kwa dozi kubwa hushusha lehemu ya damu. Maelezo ya siku nyingi ni kwamba inazizuia seli za mafuta zisiachie asidi za mafuta kwa wingi, na hivyo ini hukosa kitu cha kutengenezea trigliseridi. Kwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, trigliseridi zinaweza kushuka kwa asilimia 20 hadi 50 na HDL kupanda kwa asilimia 15 hadi 35. Ukiangalia karatasi ya maabara peke yake, hutapata dawa inayopendeza kuliko hiyo, na ndiyo maana kwa miongo kadhaa madaktari wengi waliiandika kwa moyo mweupe.

Lakini mgonjwa hatumii dawa ili karatasi ipendeze. Anaitumia ili asipate mshtuko wa moyo wala kiharusi, na hapo ndipo niasini ilipopimwa ikapungua. Utafiti wa AIM-HIGH uliwachukua wagonjwa 3,414 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, ambao LDL yao ilikuwa imeshashushwa vizuri kwa statini, kisha nusu yao wakaongezewa niasini ya kutolewa polepole. HDL yao ilipanda kutoka takriban 0.9 hadi 1.1 na trigliseridi zikashuka kutoka takriban 1.9 hadi 1.4, yaani kila kitu kilienda kama ilivyotarajiwa, isipokuwa kile kilichotafutwa: idadi ya waliopata matatizo ya moyo haikupungua, na mwaka 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Ukafuata HPS2-THRIVE uliochapishwa mwaka 2014, wenye watu 25,673 wa Uingereza, nchi za Skandinavia na China, waliofuatiliwa kwa karibu miaka minne. Huko niasini ilitolewa pamoja na laropipranti, dawa ya kupunguza wekundu wa ngozi. Faida haikuonekana tena, na madhara yakajitokeza wazi. Miongoni mwa waliokuwa na kisukari tangu mwanzo, asilimia 11.1 ya waliopewa niasini walipata matatizo makubwa yatokanayo na kisukari chao, dhidi ya asilimia 7.5 ya wasiopewa. Wasiokuwa na kisukari nao walikipata kwa wingi zaidi, asilimia 5.7 dhidi ya 4.3. Yaliongezeka pia maambukizi, kuvuja damu na matatizo ya tumbo. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, nchi ile ile ambako makopo yametoka, iliondoa idhini ya kutumia niasini ya kutolewa polepole pamoja na statini.

Sasa nije kwenye makopo yenyewe, maana hayafanani. Lile lisiloleta wekundu, ukiligeuza na kusoma viambato kwa maandishi madogo, mara nyingi utakuta ni inositoli heksanikotineti au nikotinamidi. Ya kwanza huachia niasini kidogo mno kwenye damu, na ya pili, ingawa ni vitamini B3 halali kabisa, haishushi lehemu hata chembe. Mzee atameza na hapati chochote isipokuwa imani kwamba anatibiwa, na kwangu mimi hiyo ni hatari ya kutosha kwa sababu vidonge vya hospitali vinabaki kabatini. Lile la pili ndilo linaloniogopesha zaidi. Niasini ya kutolewa polepole inayouzwa kama kirutubisho imeshawahi kuumiza ini la watu wengi, hasa wanapofikisha gramu mbili kwa siku, na kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994 virutubisho vya namna hiyo huingia sokoni bila kuidhinishwa kwanza kama dawa.

Mzee wa Kisauni (Mombasa)

Nimesoma maelezo ya mfamasia na ninamheshimu kwa elimu yake, lakini naona ameacha upande mmoja wa habari. Upo utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Coronary Drug Project, ambao niasini ndani yake ilionekana kuokoa watu, na hata baada ya miaka 15 waliowahi kuitumia walikuwa wamekufa wachache kuliko wenzao. Shemeji yangu aliyekuwa Toronto aliandikiwa niasini na daktari wake kwa miaka mingi na akaishi vyema. Je, si kweli kwamba vitamini hii imeachwa kwa sababu ni rahisi na haina mwenyewe wa kuitangaza? Mwili wenyewe unaihitaji, na asiyeipata huugua.

Mfamasia wa Moshi

Shikamoo mzee wangu. Utafiti uliousema ni wa kweli na ni haki utajwe. Ulifanyika kati ya mwaka 1966 na 1975, kwa wanaume 8,341 waliokuwa wameshapata mshtuko wa moyo, na kundi la niasini lilipewa gramu tatu kwa siku. Utafiti ulipomalizika walikuwa wamepata mishtuko mipya michache zaidi, ingawa vifo havikutofautiana; ni ufuatiliaji wa baadaye, uliofikia takriban miaka 15 tangu mwanzo, ndio ulioonyesha vifo vimepungua kwa asilimia 11. Tofauti kubwa ni kwamba siku hizo statini hazikuwapo. Niasini ililinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani yake, kwa watu ambao lehemu yao haikuwa imeguswa na kitu kingine chenye nguvu. Swali la leo kwa baba wa huyu dada ni jingine: ukiwa na statini mkononi, niasini inaongeza nini? Hilo ndilo lililojibiwa mwaka 2011 na 2014. Shemeji yako alitibiwa kwa kilichokuwa bora wakati wake, na daktari wake hakukosea.

Kuhusu mwili kuihitaji, ni kweli tupu. Asiyepata niasini hupata pelagra, na watu wanaotegemea mahindi peke yao wako karibu zaidi na ugonjwa huo. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua kwa maelfu karibu na mwaka 1990. Lakini mwanaume mzima anahitaji miligramu 16 tu kwa siku, kiasi ambacho samaki, karanga na nyama humpa bila shida. Dozi ya kushusha mafuta ni takriban mara mia moja ya hiyo au zaidi. Katika kiwango hicho jina la vitamini halimkingi mtu na chochote, na vidonge inabidi vichukuliwe kama dawa nyingine yoyote, kwa vipimo vya ini, sukari na asidi ya yuriki.

Na hoja ya kwamba imeachwa kwa kukosa wa kuitangaza naipinga kwa upole. Kampuni ziliiuza niasini ya kutolewa polepole kwa bei kubwa na kwa matangazo mengi. Kilichoiondoa ni matokeo ya wagonjwa.

Bin Salim (Maskati)

Assalaam aleikum. Mimi si daktari. Mimi ni mgonjwa wa trigliseridi, na nimeona hapa kila mtu anazungumza LDL na HDL, kwa hiyo naomba niseme kidogo kuhusu hiyo namba ya nne, kwa sababu ndiyo iliyonilaza hospitali.

Nilipelekwa na maumivu ya tumbo la juu yaliyopenya hadi mgongoni, yakanifanya nishindwe kunyooka. Muuguzi alipochota damu na kuiacha kwenye mrija, sehemu ya juu haikuwa na ile rangi ya manjano inayopita mwanga. Ilikuwa nyeupe kama tui la kwanza. Daktari alinionyesha mrija huo kwa makusudi, nami sikuhitaji maelezo mengi tena. Trigliseridi zilikuwa zimepita 14 kwa milimoli kwa lita na kongosho lilikuwa limevimba. Situmii pombe. Chanzo kilikuwa kisukari ambacho sikujua kuwa ninacho, juu ya maumbile ya kifamilia, maana ndugu zangu wawili nao wameonekana na hali hiyo hiyo.

Ninachotaka dada akielewe ni mpangilio wa matibabu yangu. Kwanza walininyima mafuta kabisa kwenye chakula na kunipa insulini, na namba ikaanguka sana kabla hata sijaanza kidonge chochote cha mafuta. Baadaye nikawekwa kwenye fenofibreti, dawa ya kushusha trigliseridi, na kongosho lilipopona nikaongezewa statini kwa ajili ya moyo. Niliuliza kuhusu niasini, kwani hapa pia watu huleta kutoka nje, na daktari akasema kwa mwenye kisukari kama changu ni kujaza maji upande mmoja na kutoboa upande wa pili. Kilichonigharimu zaidi kuliko dawa ni kuacha soda na juisi za matunda, na kupunguza halwa na kahawa ya kila jioni na tende zake, kwa sababu kwetu huwezi kuingia nyumba ya mtu ukakataa. Nimejifunza kuchukua tende moja na kuishikilia muda mrefu.

Mzee wako mwenye 3.2 hayuko nilipokuwa mimi, lakini asiidharau.

Binti wa Chumbageni (Tanga)

Nawashukuru sana, na pole Bin Salim kwa yaliyokupata. Nimeligeuza kopo la kwanza kama mfamasia alivyoelekeza na kweli limeandikwa inositoli heksanikotineti. Nimempigia kaka simu, amesikitika kidogo lakini amekubali baba asiyaguse makopo yote mawili mpaka kliniki.

Bado baba ana hofu ya statini. Anasema heri abaki na mafuta kuliko kupoteza nguvu za miguu, maana bado anakwenda shambani Muheza kila wiki. Anauliza pia kama ni lazima ainywe usiku, na kama akiianza ni ya maisha. Kuna daktari anayeweza kumjibu kwa maneno ambayo nitamsomea?

Daktari wa magonjwa ya ndani (Dodoma)

Msomee haya, na umpe salamu zangu.

Baba, kwa umri wako na kisukari chako, statini ungeandikiwa hata kama lehemu yako ingekuwa nusu ya ilivyo, kwa sababu kisukari chenyewe huharibu mishipa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa CARDS wa Uingereza na Ireland, uliowahusu watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo, yaani watu wa hali yako hasa. Nusu walipewa atorvastatini ya miligramu 10 tu. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37 na kiharusi kwa karibu nusu, na utafiti ulisimamishwa takriban miaka miwili kabla ya muda kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana. Muongo mmoja nyuma yake, mwaka 1994, utafiti wa Skandinavia wa wagonjwa 4,444 wa moyo ulikuwa umeshaonyesha kwamba simvastatini hupunguza vifo vyenyewe kwa asilimia 30. Dawa hizi zilianzia kwa Akira Endo wa Japani, aliyeipata ya kwanza kwenye kuvu katika miaka ya 1970, na hadi leo sioni kidonge kingine cha mafuta kilichopimwa kwa watu wengi na kwa muda mrefu namna hii.

Maumivu ya misuli yapo, nami sitaki kukuficha. Lakini sikiliza walichofanya watafiti wa London katika utafiti uitwao SAMSON, uliochapishwa mwaka 2020. Waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa chupa za mwezi mmoja mmoja: nyingine zina statini, nyingine zina vidonge visivyo na dawa, nyingine tupu. Katika miezi ya vidonge visivyo na dawa, watu walipata asilimia 90 ya usumbufu ule ule walioupata katika miezi ya statini. Maumivu hayakuwa ya uongo, waliyahisi kweli, ila sehemu kubwa haikutoka kwenye dawa. Baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye statini. Kuharibika kabisa kwa misuli hutokea kwa nadra sana, na dalili zake ni maumivu makali au udhaifu wa misuli mikubwa ya mapaja na mabega pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza. Ukiona hivyo, acha dawa siku hiyo hiyo na uje hospitali. Uchovu wa kawaida baada ya jembe si dalili hiyo.

Kuhusu muda, atorvastatini hukaa mwilini kwa muda mrefu, kwa hiyo inywe asubuhi au usiku, mradi iwe saa ambayo hutasahau. Simvastatini ndiyo tunayoihimiza usiku. Kuhusu kutoiacha, statini haimfungi mtu. Ukiiacha, namba zinarudi zilikokuwa, kama ambavyo shinikizo lako litarudi ukiacha amlodipini. Kwa kuwa nimeitaja amlodipini, ni vizuri daktari wako alichagua atorvastatini, kwani simvastatini pamoja na amlodipini hatuivushi miligramu 20.

Sasa nirudi kwako binti yangu. Atorvastatini ya miligramu 20 hushusha LDL kwa takriban asilimia 40, kwa hiyo kutoka 4.1 tunatarajia afike karibu 2.5. Kaka yako alisema inagusa LDL peke yake, lakini hushusha trigliseridi pia, wakati mwingine hadi robo. Huenda daktari wake akataka LDL ishuke zaidi, chini ya 1.8, na hapo ataongeza dozi au kuweka ezetimibe, dawa nyingine ya kushusha lehemu. Ninaipenda zaidi hiyo ya pili kwa sababu kila unapoizidisha statini mara mbili unapata takriban asilimia 6 tu za ziada, ilhali ezetimibe ya miligramu 10 huongeza karibu asilimia 20.

Trigliseridi za 3.2 ziko juu, maana tunapenda ziwe chini ya 1.7, lakini hatari ya kongosho tunaanza kuihesabu zikipita 5.6 na kuiogopa sana zikipita 11. Kwa hiyo simwandikii fenofibreti leo. Hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaoiongeza mara tu waonapo namba imepanda. Utafiti wa ACCORD wa mwaka 2010, kwa watu 5,518 wenye kisukari waliokuwa kwenye simvastatini, haukuona faida ya jumla ya kuongeza fenofibreti, na pemafibreti, dawa ya jamii hiyo hiyo, iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 10,000 iliishia vivyo hivyo mwaka 2022. Aliyefikia 14 kama Bin Salim ni habari nyingine, yeye aliihitaji. Gemfibrozili, nayo ya jamii hiyo, ndiyo isichanganywe na statini, kwa sababu huzidisha kiwango cha statini kwenye damu na kuihatarisha misuli ambayo baba anaiogopea.

Kwanza tutafute kilichozipandisha. Nataka kujua HbA1c yake, yaani kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi iliyopita, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi. Apimwe pia homoni ya tezi la shingo, figo na protini kwenye mkojo. Kisha chakula, na hapa watu wengi wa pwani huangalia mahali pasipo. Tui la nazi na mafuta yanayoganda hupandisha LDL zaidi. Trigliseridi hupandishwa na sukari, soda, wanga uliokobolewa na pombe. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari, maandazi asubuhi na sahani ya wali usiku vinaweza kumfikisha hapo bila kula nyama hata kidogo. Akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, kama ameuzidi, trigliseridi zinaweza kushuka kwa takriban asilimia 20, na hiyo ni kazi ya dawa nzima.

Kwa wengine mnaosoma na mnatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi: msinunue simvastatini wenyewe. Ikikutana na ritonaviri, mojawapo ya dawa hizo, hupanda kwenye damu kwa kiwango cha hatari, na kosa hilo huua misuli na figo. Zipo statini zinazofaa. Utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliowahusu watu 7,769 wenye virusi, wakiwemo wa Uganda, ulionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Na yeyote aliye kwenye simvastatini au atorvastatini akiandikiwa antibiotiki iitwayo klarithromaisini kwa kifua au tumbo, amwambie mtoa dawa.

Binti wa Chumbageni (Tanga)

Nimemsomea baba tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu ya vidonge visivyo na dawa akaniomba nirudie. Ameanza atorvastatini jana baada ya chakula cha usiku. Swali la mwisho, daktari: atakaporudi kupima, ni lazima afunge tena? Mara ya kwanza sukari yake ilishuka akatetemeka njiani.

Daktari wa magonjwa ya ndani (Dodoma)

Si lazima. Kwa lehemu yote, HDL na ufuatiliaji wa kawaida, damu inaweza kuchukuliwa akiwa amekula. Sababu ya kufunga ni trigliseridi, ambazo hupanda baada ya mlo, na maabara nyingi hukokotoa LDL kwa kuzitumia: lehemu yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwa namba za baba hesabu hiyo inakubaliana na majibu aliyopewa. Trigliseridi zikipita 4.5 hesabu hiyo haiaminiki tena, na hapo ndipo tutamtaka apime akiwa hajala. Basi aende amekula chakula chepesi kisicho na mafuta mengi, kati ya wiki ya 4 na ya 12 tangu alipoanza, na aombe kimeng'enya cha ini ALT kipimwe kwenye damu hiyo hiyo pamoja na HbA1c. Abebe karatasi ya kwanza, dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na yale makopo mawili pia, ili daktari wake aandike kwenye faili kwamba hayatumii.